SI KILA MDUDU NI MDUDU: FUNZO KUTOKA TANGI LA UDUVI

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kiliniomba niandike somo la sayansi kwa lugha yetu. Wapo wenzetu waliocheka. "Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera," walisema, "mambo ya Biolojia yaachie Kiingereza." Sikubishana nao. Nitawaeleza tu jinsi neno moja la Kiswahili, neno tunalolitumia kila siku bila kufikiri, lilivyotufanya tuwaue uduvi 41 kwa usiku mmoja. Neno lenyewe ni "mdudu".

Tangi lenyewe

Wengi wenu mmeliona lile tangi la kioo lililo kwenye kona ya maabara ya Biolojia. Linachukua lita 60 za maji. Ndani mna mchanga, mawe machache, mimea ya majini na uduvi.

Uduvi ni jamaa mdogo wa kamba. Wenzetu wa Pwani wanawajua uduvi wa baharini, ambao hukaushwa na kupikwa. Hawa wetu ni wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Asili yao ni Ziwa Viktoria. Wanasayansi huwaita Caridina nilotica, nao Waluo huwaita ochong'a. Ukienda sokoni kwa wauzaji wa chakula cha kuku utawakuta wamekaushwa na kujazwa gunia, karibu na omena. Uduvi akiwa hai humwoni kwa urahisi, kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Aliyekomaa hana urefu wa kuzidi sentimita 3 hivi. Jike hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe.

Usimdharau kwa udogo wake. Katika miaka ya 1980, mbuta walipokuwa wamewamaliza samaki wengi wadogo wa Ziwa Viktoria, uduvi huyu ndiye aliyekuwa chakula kikubwa cha mbuta wachanga. Kwa hiyo riziki ya wavuvi wengi ilikuwa imemtegemea mnyama ambaye hata uzito wa punje ya hindi hana.

Huenda ukauliza, mbona tusiwatoe Ziwa Nakuru, lililo karibu nasi? Jibu ni magadi. Maji ya Ziwa Nakuru yana magadi mengi mno, uduvi wa maji baridi hawezi kuyastahimili. Hata maji ya visima vingi vya eneo letu yana magadi na floraidi, ile inayotia meno ya watu wengi rangi ya kahawia. Ndiyo sababu tangi letu tunalijaza maji ya mvua na ya mfereji. Yale ya mfereji hulala kwenye beseni wazi kwanza ili klorini itoke.

Uduvi wetu waliletwa muhula wa kwanza kwa mtungi wa plastiki, baada ya mwalimu kuulizia ruhusa katika ofisi ya uvuvi. Safari ilikuwa ndefu na wengi walifia njiani. Waliofika hai walikuwa 41.

Kosa letu

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa shwari. Majike yalibeba mayai, sisi tukawa tunahesabu siku. Mayai yakaanguliwa, tukawaona watoto wembamba kama vipande vya uzi. Baada ya siku tano, hola! Hakuna hata mtoto mmoja.

Hapo ndipo tulipotazama vizuri. Kwenye kioo palikuwa na vitu vidogo vya rangi ya kijani, kila kimoja na nyuzi zikipepea. Kulikuwa na vijinyoo vyeupe vikiteleza kwenye mawe. Kulikuwa na vinukta vyeupe vikirukaruka majini. Mchangani, nyuzi nyembamba zilikuwa zikijipindapinda. Mmoja wetu akapiga kelele, "Jamani, tangi limejaa wadudu!"

Dawa ya wadudu ni nini kama si dawa ya wadudu? Jumamosi hiyo tulichanga pesa, wawili wetu wakatumwa mjini. Walirudi na kichupa kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni dawa ya kuua wadudu, tena iliyotengenezwa kwa pareto. Tulifurahi sana. Pareto si sumu ya viwandani, tulisema, ni maua tu! Nyumbani kwetu Molo tumeyachuma tangu utotoni na hakuna aliyekufa. Tukatia matone machache, tukaenda kula.

Jumapili asubuhi uduvi wote 41 walikuwa wamelala ubavu chini ya maji, wamekuwa weupe kama waliochemshwa. Na wale wa kijani waliokuwa kwenye kioo? Walikuwa palepale, nyuzi zao zikipepea kama kawaida.

Mwalimu alipofika hakutugombeza. Aliuliza tu:

"Mlitaka kuua nini?"

"Wadudu, Mwalimu."

"Wadudu gani?"

Tukanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu.

"Basi dawa imefanya kazi yake," akasema. "Katika tangi hili aliyekaribiana zaidi na mdudu alikuwa uduvi wenu."

Mdudu ni nini hasa?

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mdudu ni kiumbe chochote kidogo. Mbu ni mdudu, siafu ni mdudu, mnyoo ni mdudu, hata vijidudu vya malaria visivyoonekana kwa macho tunaviita hivyo. Kidole kikivimba na kutunga usaha tunasema mtu ana mdudu. Lugha haijakosea, hivyo ndivyo watu wanavyozungumza, na wanaelewana.

Lakini katika somo la Biolojia mdudu ana maana finyu. Ni mnyama mwenye miguu sita yenye viungo, na mwili uliogawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Watengenezaji wa dawa wanapoandika "dawa ya wadudu", wanamkusudia huyo wa miguu sita. Sisi tulisoma neno la mwanasayansi kwa maana ya sokoni.

Baada ya msiba ule tulichukua lenzi na darubini ya maabara tukawachunguza "wadudu" wetu mmoja mmoja. Tazameni tulichokipata, pamoja na wengine ambao tumewaona baadaye:

1. Haidra. Huyu ndiye wa nyuzi zinazopepea. Ni jamaa wa yavuyavu na matumbawe ya baharini, si wa mbu.

2. Planaria. Mnyoo bapa mwenye kichwa cha pembetatu na vijicho viwili. Ni jamaa wa tegu.

3. Minyoo wembamba wa mchangani. Hawa ni jamaa wa nyungunyungu wa shambani.

4. Ruba. Naye ni wa upande wa nyungunyungu.

5. Konokono. Ni jamaa wa pweza na chaza.

6. Saiklopsi na ostrakodi. Hivi ndivyo vinukta vinavyorukaruka. Ni jamaa wa uduvi mwenyewe, ukoo wa kaa na kamba.

7. Tunutu wa kereng'ende. Huyu ndiye mdudu wa kweli, ana miguu sita.

Viumbe wa aina zote hizo, na mdudu halisi ni mmoja tu! Tena tunutu huyo hakuwemo tangini siku tuliyotia dawa. Aliingia miezi mitatu baadaye, kama nitakavyoeleza.

Kwa nini pareto iliwaua uduvi?

Pareto ni jambo la kwetu, kwa hiyo tulijue vizuri. Maua haya meupe yenye kitovu cha njano yalianza kulimwa nchini miaka ya 1920. Yamestawi katika nyanda za juu za Molo, Njoro, Kuresoi na Mau Narok, na kiwanda chake kiko hapahapa Nakuru. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita Kenya iliongoza duniani kwa kuuza pareto, kabla kilimo hicho hakijaporomoka.

Sumu iliyo katika maua hayo huitwa pairethrini. Inashika mishipa ya fahamu. Neva ya mnyama ina vijilango vya kupitisha chembe za chumvi. Kila vinapofunguka na kufungwa, ujumbe mmoja hupita. Pairethrini huvizuia visifungwe. Ujumbe hupita mfululizo bila kukoma, misuli ikatetemeka, mwishowe mnyama akapooza. Binadamu na ng'ombe huivunja sumu hiyo haraka mwilini, ndiyo maana mchumaji wa pareto hapati shida kubwa. Mbu hana uwezo huo. Uduvi na samaki nao ni dhaifu mno mbele yake.

Mdudu na uduvi wote wako katika kundi kubwa moja la wanyama, lile la wenye miguu ya viungo na gamba la nje wanalolivua wanapokua. Ni kama binamu. Sumu inayompata mmoja humpata na mwenzake. Haidra na planaria wako mbali na ukoo huo, na kipimo kilichowamaliza uduvi wetu hakikumbandua hata haidra mmoja kwenye kioo.

Kwa hiyo wewe unayefuga uduvi, jihadhari na dawa ya kupuliza ya mbu na mende, dawa ya kupe, na hata moshi wa ile dawa ya mbu ya kuzunguka inayochomwa usiku, kwa kuwa nyingi zina sumu za aina ya pareto. Usioshe tangi kwa mkono uliotoka kumpaka mbwa dawa ya viroboto. Shaba nayo ni hatari kwa uduvi, na dawa kadhaa za magonjwa ya samaki zina shaba. Soma kibandiko kwanza.

Ufunguo wa kuwatambua

Chukua lenzi, au hata chupa ya mviringo iliyojaa maji safi, nayo hukuza. Kisha jiulize maswali haya kwa utaratibu.

Swali la kwanza: Je, amejishika mahali pamoja na ana minyiri? Mguse kwa kijiti. Akijikunja ghafla akawa kijidonge, huyo ni haidra. Urefu wake ni milimita chache tu, hata kama minyiri yake hurefuka zaidi. Anaweza kuwa kijani, kahawia au mweupe. Minyiri yake ina mishale midogo yenye sumu, na kwa hiyo humnasa mtoto wa uduvi na kumla. Huyu ni adui.

Swali la pili: Je, ni mnyoo? Tazama anavyokwenda. Akiteleza taratibu juu ya kioo kama tone la mafuta, tena kichwa chake ni cha pembetatu, ni planaria. Naye ni adui, hasa wa mayai, watoto, na uduvi waliodhoofika baada ya kuvua gamba. Akiwa bapa lakini mdogo mno, wa milimita moja au mbili, na kichwa ni cha mviringo, ni mnyoo bapa mwingine asiyewadhuru uduvi. Akijipindapinda kama herufi S majini au mchangani, ni yule jamaa wa nyungunyungu. Hana ubaya, anakula mabaki. Akiwa na kikombe cha kunyonyea kila upande na anatembea kwa kujikunja upinde, ni ruba. Mtoe.

Swali la tatu: Je, ni kinukta kinachotembea? Kikiruka kwa mikupuo, na nyuma kina vifuko viwili vya mayai, ni saiklopsi. Kikiwa kama mbegu ndogo ya mviringo inayozungukazunguka, ni ostrakodi. Wote hawa hawamdhuru uduvi. Wakiwa wengi mno ujue unalisha kupita kiasi.

Swali la nne: Je, ana miguu sita na macho makubwa? Huyo ni tunutu wa kereng'ende. Mwembamba mwenye majani matatu mkiani ni wa jamii ya kereng'ende wadogo. Mnene asiye na majani hayo ni wa kereng'ende wakubwa. Chini ya kichwa amekunja mdomo kama mkono. Akiona windo huufyatua mbele na kulidaka kwa kufumba na kufumbua. Huyu ni adui kuliko wote, maana hali watoto peke yao, hula hata uduvi wakubwa.

Swali la tano: Je, kuna utando mweupe kama ukungu kwenye mwili wa uduvi mwenyewe? Huenda ni vijidudu vya seli moja vinavyoitwa vortisela, vilivyopanda juu yake. Mara nyingi ni dalili ya maji machafu. Uduvi akivua gamba huondoka nalo, na usafi ukirudi huwa vinatoweka.

Namna ya kuwadhibiti

Muhula wa pili tuliletewa uduvi wengine 30. Kabla ya hapo tulimwaga maji yote, tukasuuza mchanga na mawe mara nyingi kwa maji matupu, tukaliacha tangi wiki tatu huku tukibadilisha maji. Lakini tulifanya uzembe mmoja: tuliirudisha mimea ileile. Haidra na planaria wakarudi nayo. Safari hii hatukukimbilia dukani. Tulifuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni kupunguza chakula. Hapo awali tulikuwa tukiwatilia uduvi mboga na chakula cha samaki kila siku, kwa huruma. Kumbe tulikuwa tunawalisha maadui. Mabaki huzaa vijidudu, vijidudu huzaa saiklopsi, saiklopsi huwalisha haidra. Sasa tunalisha mara tatu kwa juma, kipande kidogo cha sukuma wiki kilichochemshwa, na kisipoliwa kwa saa chache tunakitoa. Uduvi hawafi njaa, kwani siku nzima wanachokora kuvu na mwani kwenye mawe. Baada ya wiki mbili vinukta vya saiklopsi vilipungua sana, na haidra nao wakaanza kunywea.

Hatua ya pili ni kuwatoa kwa mkono, lakini bila kuwakatakata. Mwaka wa 1744, mwanasayansi wa Geneva aitwaye Abraham Trembley alichapisha kitabu akionyesha kwamba haidra akikatwa vipande, kila kipande humea na kuwa haidra mzima. Jina lenyewe limetokana na joka la hadithi za Wagiriki, ambalo lilikatwa kichwa kimoja likaota viwili. Planaria naye ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukimkwangua kwa wembe umemzidisha! Sisi tunatumia mpira mwembamba wa kunyonya maji: unaweka ncha juu ya haidra, unamvuta mzima mzima pamoja na maji, unampeleka kwenye maji ya moto.

Hatua ya tatu ni mtego wa planaria. Chukua kichupa cha plastiki cha vidonge chenye kifuniko. Toboa matundu madogo kwa sindano ya moto, mapana ya kumpitisha mnyoo lakini si uduvi. Tia kipande kidogo cha nyama mbichi ndani. Kizamishe jioni taa zikizimwa, kwani planaria hupenda giza, nacho ukitoe baada ya saa mbili au tatu. Usikiache mpaka asubuhi, nyama itaharibu maji. Usiku wa kwanza tulinasa planaria 17. Baada ya siku kumi tulikuwa tunapata mmoja au hakuna.

Hatua ya nne ni karantini ya mimea. Tulipoongeza mimea mipya kutoka kidimbwini bila kuichunguza, ndipo tunutu wa kereng'ende alipoingia. Majike ya kereng'ende wadogo hutaga mayai ndani ya mabua, kwa hiyo kuosha tu hakutoshi. Tulimgundua baada ya uduvi wanne kutoweka, tukamtoa kwa kichujio cha chai. Siku hizi mimea hukaa kwenye beseni la peke yake kwa majuma kadhaa, nasi tunaiangalia kila siku.

Hatua ya mwisho kabisa ni dawa, na iwe dawa inayomhusu adui. Kama planaria ni jamaa wa tegu, dawa yake itafutwe upande wa dawa za minyoo, si upande wa dawa za wadudu. Ndivyo wafugaji wa uduvi wa nchi nyingine wanavyofanya. Wengine hutumia fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo. Wengine hutumia unga wa popoo, ile tunda kavu ambayo watu wa Pwani huitafuna na tambuu. Zamani madaktari wa mifugo walitumia kiini cha popoo kumtoa mbwa tegu. Dawa hizi nazo zina hatari yake, zinaweza kuwaua konokono, na minyoo wengi wakifa kwa pamoja maji huharibika. Usijaribu kabla ya kumwuliza mwalimu au daktari wa mifugo. Sisi hatukuzihitaji.

Tahadhari kwa mwenye kutia mkono

Msomaji, jilinde na wewe. Konokono wa maji baridi wa aina fulani, hasa kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria na mabwawa, hubeba viluwiluwi vya kichocho. Vikitoka kwa konokono hutafuta ngozi ya mtu na kuipenya. Visipompata mtu hufa kwa muda wa siku mbili hivi. Kwa hiyo maji yoyote ya ziwa au kidimbwi tunayachuja, tunawatoa konokono wote, kisha tunayaacha zaidi ya siku mbili kabla ya kuyagusa. Usinyonye mpira wa maji kwa mdomo. Vaa glavu, nawa kwa sabuni.

Hata saiklopsi ana historia. Ndiye aliyekuwa akibeba mnyoo wa Guinea. Mtu alipokunywa maji yenye saiklopsi mwenye vimelea, mnyoo ulikua mwilini na kutokea mguuni baada ya takriban mwaka mmoja. Nchi zilizofaulu dhidi ya ugonjwa huo hazikutegemea chanjo wala dawa ya kuutibu, kwa kuwa hazipo. Watu walifundishwa kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya haina tena ugonjwa huo. Waliomjua adui na njia anayopitia walimshinda kwa kitambaa.

Nje ya tangi

Huenda mtu akasema, "Uduvi 41 ni kitu gani? Si ni wa kuku tu?" Sikilizeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria walianza kutia sumu ya wadudu majini ili samaki waelee, wawazoe kwa urahisi. Mwaka wa 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Maelfu ya watu waliotegemea samaki, hata wasiowahi kushika sumu, waliumia.

Na hapa kwetu? Mto Njoro unashuka kutoka Mau, unapita mashambani na mijini mpaka Ziwa Nakuru. Mkulima anayeosha bomba lake la kupulizia dawa mtoni anafanya kosa letu lilelile katika tangi kubwa zaidi, ambalo haliwezi kumwagwa na kujazwa upya.

Kosa lingine la kuepuka ni kumwaga viumbe wa tangi mitoni. Kamba wekundu wenye magando kutoka Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka wa 1970 ili wavuliwe na kuuzwa. Walizaana, wakala mimea ya majini mpaka ikapungua sana, na mpaka leo hawajaondoka. Uduvi wetu wakizidi, tutawapa shule nyingine yenye tangi, hatutawatupa.

Hitimisho

Wiki ya mwisho ya muhula huu tulihesabu uduvi 58, wakubwa kwa wadogo. Haidra bado wapo wawili watatu nyuma ya jiwe. Hatuna haja ya kuwamaliza wote, mradi watoto wa uduvi wanakua. Kile kichupa cha dawa ya pareto hatukukitupa. Kiko rafuni juu ya tangi, kitupu, na mwalimu amebandika karatasi yenye swali lake: "Wadudu gani?"

Kwa wale waliosema Kiswahili kiachwe kwenye ngonjera, naomba nao walijibu swali hilo. Lugha inayo maneno: ruba, tegu, tunutu, konokono, nyungunyungu, kereng'ende. Sisi ndio tulioyaacha yote tukashika moja, "mdudu", na uduvi wakalipia.

Zoezi

1. Kwa nini dawa ya pareto iliwaua uduvi lakini haikuwaua haidra?
2. Taja tofauti mbili kati ya planaria na minyoo wa mchangani wasio na madhara.
3. Eleza kwa nini haifai kumkwangua haidra kwa wembe.
4. Ukiona saiklopsi wengi tangini, utachukua hatua gani, na kwa nini?
5. Andika insha fupi kuhusu matumizi ya neno "mdudu" katika lugha ya mama yako. Je, lina maana finyu au pana?

Msamiati

Gamba – ganda gumu la nje ya mwili wa mnyama kama kaa.
Karantini – kutengwa kwa muda ili kuchunguzwa.
Magando – mikono ya kubania, kama ya kaa.
Minyiri – viungo virefu laini vya kukamatia, kama vya pweza.
Ruba – mnyama mdogo wa majini anayenyonya damu.
Tunutu – mdudu mchanga ambaye hajaota mbawa.
Yavuyavu – mnyama laini wa baharini anayewasha ngozi akiguswa.